Namna ya kukaa na wafanyakazi wa mgahawa wasikukimbie

Mgahawa hauishiwi na kuondokewa. Mpishi wa supu anaaga Jumatatu, mhudumu haonekani tena baada ya sikukuu, na kijana wa chipsi uliyemfundisha kushika kisu unamkuta kwa jirani kavaa eproni nyingine. Wenye migahawa wengi husema vijana wa siku hizi hawapendi kazi, kisha wanabandika tangazo jingine mlangoni. Mimi naona vingine. Mtu anayejua atalipwa lini, atapumzika siku gani na pesa ya kaunta ikipungua itakuwaje, huyo hukaa, hata kama jirani anamtajia mshahara mkubwa kidogo. Anayesubiri kila asubuhi kuona bosi kaamkaje, huyo anatafuta kazi nyingine akiwa bado kwako.

Mwongozo huu ni wa mgahawa wenye wafanyakazi kama 5 hadi 20, Tanzania Bara, kwa sababu sheria ninayoitumia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366. Zanzibar wana sheria yao. Nimeweka malipo na zamu mbele, mafunzo nyuma, kwa makusudi: mtu anayekudai mshahara wa mwezi uliopita hataki semina ya motisha.

Hatua ya 1: Jua mtu mmoja anakugharimu kiasi gani

Fanya hesabu hii kabla hujamtajia mtu mshahara. Tuseme unamwajiri mpishi msaidizi kwa shilingi 390,000 kwa mwezi. (Angalia kwanza kima cha chini cha sekta yako kwenye amri ya mishahara inayotumika sasa, kinabadilika kila baada ya muda.) Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe huruhusiwi kumkata zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo 39,000 inatoka kwake na 39,000 inatoka kwako. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5, yaani 1,950, yote ya kwako. Ukifikisha wafanyakazi 10 inaingia tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5, nayo hamkatwi mfanyakazi. Kwa hiyo mtu wa 390,000 anakugharimu 430,950 ukiwa na watu wachache, na 444,600 mkifika kumi.

Upande wake, kwa viwango vya kodi vya mwaka wa fedha 2024/25: ukitoa NSSF inabaki 351,000, kiasi kilichozidi 270,000 kinatozwa asilimia 8, kodi inakuwa 6,480. Mkononi anapata 344,520. Mwambie namba hiyo ya mwisho siku ya kwanza mnapozungumza. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi wa kwanza unatokana na bosi aliyetaja "laki tatu na tisini" na kijana aliyeondoka pale akihesabu laki tatu na tisini kamili.

Hatua ya 2: Mjaribu jikoni, umlipe siku hiyo

Barua ya maombi haipiki. Mwite aje siku moja ya kawaida, siyo Ijumaa yenye foleni ya biriani, afanye kazi utakayompa. Mhudumu apokee oda za meza tatu bila kuandika, kisha akiwa anaandika, uone tofauti. Mpishi mwangalie anavyosafisha ubao baada ya kukata nyama, kabla hajaweka kachumbari. Hapo utajua mengi kuliko kumuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi.

Mlipe siku hiyo, hata kama hukumchukua. Kuna migahawa inayoendeshwa kwa watu wa "majaribio" wasiolipwa, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mtaa mzima unaijua, na mpishi mzuri hapiti mlango wake.

Hatua ya 3: Andika

Sheria inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi taarifa za ajira yake: jina, umri, anuani, kazi anayofanya, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Karatasi mbili zinatosha. Kiswahili kinatosha. Ongeza mambo ambayo mgahawa hauishi kubishania: chakula cha mfanyakazi ni kipi na saa ngapi, bakshishi inagawanywaje (mhudumu peke yake, au na jikoni), eproni na viatu vinanunuliwa na nani. Kila mtu abaki na nakala iliyosainiwa.

Hatua ya 4: Tarehe ya mshahara isicheze

Chagua tarehe moja. Kama fedha zako huzunguka vibaya mwisho wa mwezi kwa sababu ya kodi ya pango, chagua tarehe 5 na uiandike kwenye mkataba. Tarehe 5 inayotimia ni bora kuliko tarehe 30 ya kwenye karatasi inayogeuka tarehe 8, mwezi ujao tarehe 11. Mwenye nyumba wa mfanyakazi wako hana subira hiyo.

Toa slipu ya mshahara, hata ya kuandika kwa mkono: mshahara, saa za ziada, NSSF, kodi, advansi aliyochukua, kinachobaki. Na mchango wa NSSF upeleke. Siku hizi mwanachama anaangalia michango yake mwenyewe kwa simu. Ukimkata miezi sita na huku hakuna kitu, ataona, na atawaonyesha wenzake kabla hajakuuliza wewe.

Advansi iwe na kanuni. Bila kanuni, mwenye sauti anapata kila wiki, mnyonge hapati kitu. Mfano unaofanya kazi: siku moja katikati ya mwezi, kisichozidi theluthi ya mshahara, inaandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Dharura ya ugonjwa au msiba haingoji siku hiyo.

Hatua ya 5: Panga zamu kwa hesabu, siyo kwa huruma

Hapa ndipo migahawa mingi inapovunja sheria bila hata kujua, na ndipo watu wanapochoka. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anapata mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena zipite saa 12, na kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika.

Sasa chukua mgahawa unaofungua saa 12 asubuhi kwa ajili ya supu na chapati na kufunga saa 5 usiku. Hizo ni saa 17. Gawa mara mbili: zamu ya kwanza saa 12 asubuhi hadi saa 8 na nusu mchana, ya pili kutoka hapo hadi saa 5 usiku. Kila zamu ni saa 8 na nusu. Toa saa ya mapumziko, zinabaki 7 na nusu. Mara siku 6, unapata 45 kamili. Tatizo ni kwamba saa 8 mchana bado kuna watu wanakula, na unataka zamu zipishane. Ukiifanya kila zamu iwe saa 9 ndani ya mgahawa, wiki inakuwa saa 48. Zile 3 ni za ziada, na zinalipwa.

Kwa mshahara wa 390,000, saa moja ya kawaida inapatikana kwa kugawa kwa 195 (saa 45 mara wiki 4.333 za mwezi): shilingi 2,000. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 3,000. Saa 3 kwa wiki ni 9,000. Siku ya sikukuu, au akiitwa siku yake ya mapumziko, saa inalipwa mara mbili, na Idd na Krismasi ndizo siku unazohitaji watu wote, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema. Saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5: kwa mtu huyu, shilingi 100 kwa saa.

Shilingi 300 kwa usiku mmoja wa zamu ya pili ni hela ndogo, na mfanyakazi wako anaiona ndogo. Kinachomuumiza usiku ni usafiri. Mhudumu anayetoka Sinza saa 5 usiku kwenda Mbagala anabadilisha magari ambayo saa hizo ni ya kubahatisha, au anapanda bodaboda inayokula pato lake la siku. Mwenye mgahawa aliyekubaliana na bajaji moja iwabebe watu watatu wa upande mmoja ametatua jambo ambalo nyongeza ya mshahara isingelitatua. Na ukiajiri, uliza mtu anakaa wapi kabla ya kumpangia zamu ya kufunga.

Zile saa 12 za kupumzika zina maana moja kubwa kwa biashara hii: aliyefunga saa 5 usiku hafungui saa 12 asubuhi. Hiyo ni tofauti ya saa 7 tu. Najua ndivyo inavyofanyika mahali pengi, kwa sababu mwenye ufunguo ni mmoja. Chonga ufunguo wa pili.

Bandika ratiba ukutani Alhamisi kwa ajili ya wiki inayofuata. Wanaotaka kubadilishana zamu wabadilishane wenyewe, mradi wote wawili wamesaini pembeni. Mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe yake ya kujifungua. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto, na zamu yake ipangwe ukilijua hilo.

Hatua ya 6: Maliza suala la shoti

Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu kwenye mgahawa wenye watu wanaokimbia, ningeanza na hili. Jioni kaunta inafungwa, mauzo kwenye daftari 612,000, fedha iliyopo 598,000. Shoti 14,000. Bosi anasema "mtajua wenyewe", inagawanywa kwa watu wawili, inakatwa. Wiki ijayo tena. Dada wa kaunta mwaminifu anaondoka, kwa sababu ameona kwamba anailipia kazi. Anayebaki ni yule aliyejifunza kujirudishia mapema.

Sheria hairuhusu kukata hivyo. Kumkata mtu kwa ajili ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umpe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Usimkate zaidi ya hasara yenyewe. Na makato ya aina hiyo yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wake. Ukitaka kumaliza shoti, fanya hivi:

Asubuhi hesabuni fedha ya chenji watu wawili, andikeni kiasi, sainini. Zamu zinapopishana, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, droo ikiwa wazi, hata kama wateja wanasubiri dakika tano. Mauzo ya lipa namba yaandikwe kwenye safu yake, na ujumbe wa muamala uonekane kwenye simu ya mgahawa, siyo kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi ni mchezo wa kila siku. Kila oda iwe na karatasi yake: nakala moja jikoni, moja kaunta. Jikoni wasitoe sahani bila karatasi, hata akija kuomba bosi mwenyewe. Hasa akija bosi mwenyewe. Soda na sahani ya pilau ambayo mwenye mgahawa anawapa marafiki zake bila kuandikwa, mwisho wa siku inaitwa shoti ya mtu mwingine.

Baada ya mwezi wa kufanya hivyo utajua shoti yako ni makosa ya chenji, ni wizi, au ni wewe.

Hatua ya 7: Fundisha kwa vipimo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mwonyeshe jembe linashikwaje. Mfanyakazi mpya apewe mtu mmoja wa kumfuata wiki ya kwanza, na mtu huyo ajue kwamba hiyo ni kazi yake wiki hiyo.

Vipimo vingi vya migahawa vimo kichwani mwa mtu mmoja. Viandike: kilo moja ya unga inatoa chapati ngapi za ukubwa wenu, mafuta kiasi gani, unga unapumzika dakika ngapi, kilo moja ya mchele sahani ngapi za pilau. Pima kwa kikombe kimoja kinachokaa jikoni. Karatasi ikiwa imebandikwa, msaidizi anajifunza bila kufokewa, na siku mpishi akiwa na msiba wateja hawajui.

Kisha weka ngazi, na kila ngazi na mshahara wake. Msaidizi anaosha, anamenya, anakata. Akiweza kupika vyakula vinne kwa vipimo bila kusimamiwa, anakuwa mpishi na anaongezwa. Mpishi akiweza kupanga manunuzi ya siku tatu na kumfundisha msaidizi, anakuwa mkuu wa jiko. Mtu aone ni kitu gani hasa kinamtenganisha na nyongeza. "Ukijituma nitakuangalia" haimo kwenye ngazi yoyote.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi za mapishi na huduma, na pia hupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kwa mpishi aliyeishia darasa la saba na ambaye mikono yake inajua kila kitu, cheti hicho ni heshima ambayo hajawahi kupewa. Chuo cha Taifa cha Utalii kinafaa kwa unayetaka awe msimamizi. Mtauliza: nikimlipia ada akaondoka? Wengine wataondoka. Lipa nusu mwanzoni na nusu nyingine akirudi na cheti, mpangie zamu isiyogongana na masomo, na uwe na nafasi ya kumpandisha akimaliza. Ukimsomesha mtu halafu ukamrudisha kumenya viazi, umemsomeshea jirani.

Hatua ya 8: Kaa naye dakika ishirini kila mwezi

Siyo kaunta, siyo mbele ya wenzake. Meza ya pembeni, muda ambao hakuna wateja. Maswali matatu yanatosha: nini kinakukwaza kwenye kazi, nani unafanya naye kazi vizuri, na mwezi huu ungependa ujifunze nini. Halafu nyamaza. Watu wetu hawamwambii bosi ukweli kwenye swali la kwanza; "hakuna shida, bosi" ni salamu tu. Mwulize kuhusu kitu kimoja ulichokiona mwenyewe, mfano: "Dada, juzi nilikuona umesimama muda mrefu pale dirisha la jikoni. Oda zilichelewa?" Hapo utaambiwa jiko la tatu halina moto wiki ya pili sasa.

Jiko hilo litengenezwe kabla ya mwezi ujao. Ukisikiliza na usifanye lolote mara mbili, mara ya tatu hutaambiwa kitu. Kama huwezi, mwambie huwezi na kwa nini.

Kosa la mbele ya mteja lisemewe baadaye, faraghani. Mhudumu aliyefokewa mbele ya meza ya watu sita hatakumbuka alichokosea. Atakumbuka nani alicheka.

Hatua ya 9: Likizo, ugonjwa, msiba

Likizo ya mwaka ni siku 28, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo. Ipangeni mapema, Ramadhani, kwa migahawa inayouza mchana, ni wakati mzuri. Ugonjwa: siku 126 katika kipindi cha miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Msiba sheria inataja ndugu wa karibu: mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Shangazi hayumo. Lakini unajua vizuri kwamba shangazi aliyemlea mtu ni mama yake, na ukimkatalia ataondoka hivyo hivyo, tena moja kwa moja. Mpe siku, tumeni rambirambi ya mgahawa, na kama ni Dar, nendeni wawili watatu mkae naye japo saa moja.

Hatua ya 10: Akikosea sana, au akiaga

Kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki: mwambie tuhuma kwa maandishi, mpe muda wa kujiandaa, msikilize akiwa na mwenzake akitaka, kisha amua. "Kesho usije" kwa simu saa 4 usiku kunakupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako anaweza kulalamika ndani ya siku 30, na wewe utakuwa huna hata karatasi moja ya onyo. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Ukimwachisha kwa sababu isiyo utovu wa nidhamu na ametimiza angalau mwaka, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.

Anayeaga mwenyewe, usimnunie. Mwombe wiki ya mwisho amwonyeshe mwenzake kazi yake na uandike vipimo vyovyote vilivyobaki kichwani mwake. Mlipe siku alizofanya, likizo ambayo hakuchukua na saa za ziada, siku hiyo hiyo ya mwisho. Mpe cheti cha utumishi; ni haki yake, siyo zawadi. Mwulize anakwenda wapi na kwa nini, uandike jibu kwenye daftari lenye tarehe. Wakishafika watano, lisome daftari lote kwa mara moja: kama watatu wametaja zamu ya usiku au mtu yule yule wa jikoni, umeshajua uanzie wapi wiki ijayo.